Hofu Yenye Mlango: Hoja Kuhusu Utishaji katika Utambaji na Michezo ya Kuigiza Mezani, kwa Kuitazama Rusumo

1.0 Utangulizi

Katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili, hofu aghalabu imechukuliwa kuwa suala la maudhui. Mhakiki akikutana na zimwi, mzimu au shetani katika kazi fulani, huuliza kiumbe huyo anawakilisha nini: ukoloni, ubepari, dhuluma ya wakubwa au dhamiri ya mhusika. Swali hilo ni halali na limezaa matunda mengi. Hata hivyo, limefunika swali jingine ambalo mtambaji wa kijijini hulijibu kila usiku bila kulitaja: hofu hutengenezwaje, na nani hasa huitengeneza?

Makala haya yanadai mambo matatu. Kwanza, hofu ya kisanaa ni zao la makubaliano kati ya fanani na hadhira, wala haikai ndani ya kiumbe wa kutisha peke yake. Pili, makubaliano hayo hayana budi kuwa na mlango wa kutokea unaojulikana na wote tangu mwanzo. Tatu, mahali palipopitiwa na hofu ya kweli, kama Rusumo katika Wilaya ya Ngara, ujuzi wa kuitengeneza hofu ya kuchezwa unahitajika zaidi, lakini kwa masharti makali zaidi.

Msukumo wa hoja hii unatokana na aina ya mchezo ambayo wataalamu wa fasihi simulizi hawajaishughulikia vya kutosha. Ni mchezo ambao watu wachache huketi mezani, kila mmoja akajitwalia nafsi ya mhusika, na mmoja wao akasimamia hadithi ambayo hakuna ajuaye mwisho wake. Mchezo wa kwanza wa aina hiyo kuchapishwa na kuenea, Dungeons & Dragons, ulitolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Mwaka 1981 ulifuata Call of Cthulhu wa Sandy Petersen, ambao shabaha yake hasa ilikuwa kutisha. Kwa kukosa istilahi iliyozoeleka, makala haya yanapendekeza mchezo huu uitwe mchezo-simulizi, na msimamizi wake aitwe kwa jina tulilo nalo tayari: mtambaji.

2.0 Hofu ni Tukio

M. M. Mulokozi, katika makala yake kuhusu tanzu za fasihi simulizi yaliyotokea katika Mulika mwaka 1989, alisisitiza kwamba fasihi simulizi ni tukio linalotawaliwa na mwingiliano wa fanani, hadhira, fani inayotendwa, tukio lenyewe, mahali na wakati. Wanafunzi wengi huikariri orodha hiyo kwa ajili ya mtihani, kisha wakaichambua ngano kana kwamba ni hadithi fupi iliyoandikwa. Utishaji ni uwanja mmojawapo ambamo kosa hilo hudhihirika upesi. Ngano ya zimwi ikisomwa saa nne asubuhi darasani haimtishi mtu. Ikitambwa usiku, moto ukififia, watoto wamebanana na mlango uko nyuma yao, maneno yale yale hubadilika. Si bure kwamba katika jamii nyingi za Afrika Mashariki pana mwiko wa kutamba hadithi mchana. Mwiko huo huelezwa kwa kawaida kuwa ni njia ya kulinda saa za kazi. Bila shaka ni hivyo, lakini pia ni kanuni ya kisanaa, kwa kuwa huitenga hofu na kuipa wakati wake.

Ushahidi wa wazi wa makubaliano yanayozungumzwa hapa unapatikana katika Mkoa wa Kagera wenyewe. Peter Seitel, aliyekusanya na kuchambua hadithi za Wahaya, alikiita kitabu chake cha mwaka 1980 kwa jina ambalo ni tafsiri ya jibu la hadhira katika fomula ya kufungulia hadithi. Mtambaji husema kwamba alikuja akaona, na hadhira humjibu kwa kumwagiza: ona, ili nasi tuone. Jibu hili lina uzito kuliko inavyodhaniwa. Hadhira haimwombi mtambaji awaeleze habari, inamtuma macho. Tangu hapo, kila kinachoonekana kimeonekana kwa idhini ya waliotuma. Fomula ya pwani, yenye kuitikiana kwa paukwa na pakawa, hufanya kazi hiyo hiyo kwa ufupi zaidi. Pasipo kiitikio hapana hadithi, na kwa hiyo mtu asiyeitikia amekwisha kutumia haki ya kukataa ambayo hakuna kanuni iliyoandikwa inayompa.

Riwaya iliyochapishwa haina haki hiyo, na pengine ndiyo sababu riwaya ya Kiswahili imeionea hofu shaka. Katika Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, iliyochapishwa mwaka 1960, mzimu huletwa ili Bwana Msa apate kuuondoa kwa akili na hoja. Hofu hapo ni fumbo linalosubiri jibu. Hilo si dosari. Ni sharti la utanzu wa upelelezi. Lakini mhakiki anayetafuta ufundi wa kutisha hana budi kurudi kwenye tukio, ama la utambaji ama la jukwaani.

Jukwaani, kazi isiyoweza kupitwa ni Mashetani ya Ebrahim Hussein (1971). Mara nyingi tamthilia hiyo husomwa kwa kuangalia matabaka na historia ya Zanzibar baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, na usomaji huo una msingi imara. Kinachosahauliwa ni kwamba inaanza na mchezo. Vijana wawili, Juma na Kitaru, wanajigawia nafsi, mmoja akawa Shetani na mwingine Binadamu, na kuigiza chini ya mbuyu. Mchezo unakwisha, lakini kwa Kitaru haukwishi: unamfuata nyumbani, unamsumbua, hata jamaa zake wanahangaika kumtafutia tiba. Hussein aliandika hayo miaka mitatu kabla ya mchezo-simulizi wa kwanza kuchapishwa Marekani, na tayari alikuwa ameuliza swali ambalo wabunifu wa michezo hiyo wangelifikia baadaye sana: itakuwaje ikiwa mchezaji ametoka mezani lakini nafsi aliyoivaa haijamtoka?

3.0 Mikono ya Wachezaji

Mtambaji stadi hutisha kwa kuwapa wasikilizaji kazi. Chukua wimbo wa zimwi, ambao ni kiungo cha kawaida katika ngano za Afrika Mashariki. Zimwi huimba likiwa mbali, hadhira huitikia. Huimba tena likiwa karibu. Hadhira huitikia tena. Mara ya tatu liko mlangoni, na wanaolifikisha hapo ni watoto wenyewe, kwa kuwa wimbo usipoitikiwa hadithi haisongi mbele. Kila mtoto anajua kwamba sauti yake ndiyo hatua ya zimwi, na bado anaimba. Hapo ndipo hofu ilipo. Sura ya zimwi yenyewe huelezwa kwa uchache mno: jicho, kucha, harufu, pengine tanakali ya sauti moja. Yanayobaki hujazwa na kila msikilizaji kutoka katika ghala la hofu zake, ghala ambalo mtambaji hawezi kulifikia kwa maelezo marefu.

Michezo-simulizi ilichukua muda kuifikia kanuni hii. Call of Cthulhu iliipima hofu kwa tarakimu: mhusika ana kiasi fulani cha utimamu wa akili, na kila akionapo jambo la kuogofya hutupwa dadu na kiasi hicho hupungua. Ubunifu huo ulikuwa muhimu, kwa sababu ulikubali kwamba mhusika anaweza kuumizwa na alichokiona tu, bila kuguswa. Lakini tarakimu huandikwa karatasini, nayo mikono ya mchezaji hubaki imetulia. Anaweza kuusoma wazimu wa mhusika wake kama mtu asomavyo bei ya sukari.

Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 2005 kwa mchezo uitwao Dread, wa Epidiah Ravachol na Nathaniel Barmore. Mchezo huo uliacha dadu na kuweka mezani mnara wa vipande vya mbao. Mchezaji akitaka mhusika wake afanye jambo gumu, huchomoa kipande kimoja na kukiweka juu. Mnara ukianguka mkononi mwake, mhusika wake ameondoka hadithini. Kadiri hadithi inavyoendelea ndivyo mnara unavyolegea, na wachezaji hushusha pumzi bila kuamriwa na mtu. Hofu imehama kutoka karatasini na kuingia vidoleni.

Mnara huo una jina la Kiswahili. Ni Jenga, mchezo ambao Leslie Scott, aliyezaliwa Tanganyika mwaka 1955 na kukulia sehemu mbalimbali za Afrika, aliuonyesha kwa mara ya kwanza katika maonyesho ya vichezeo jijini London mwaka 1983. Jina alilichukua kutoka katika kitenzi cha Kiswahili alichokijua tangu utotoni. Mwanaisimu anaweza kuishia kwenye fahari ya neno lililosafiri. Mwanafasihi ana la zaidi. Neno hilo ni amri inayomwelekea mtu mmoja. Linamwambia mchezaji ajenge, ilhali kila akijenga anaubomoa msingi uliomshikilia. Ndiyo kanuni ya wimbo wa zimwi: anayeogopa ndiye anayekileta anachokiogopa. Mtambaji wa ngano na mbunifu wa Dread hawakupata kukutana, ila wamefika mahali pamoja kwa sababu wote wawili wanafanya kazi na watu waliokaa pamoja, wala si na msomaji aliye peke yake.

4.0 Hofu Isiyo na Mlango

Kinachotofautisha hofu ya kuchezwa na hofu ya kweli si ukali wake. Mtoto anayemwitikia zimwi anaweza kutetemeka kwelikweli. Tofauti ni kwamba hofu ya kuchezwa ina mwenyewe, ina mwanzo na ina mahali pa kutokea. Mwaka 1995 Pemba, na baadaye Unguja, ziliingiwa na hofu ya Popobawa, kiumbe aliyedaiwa kuwavamia watu usiku majumbani mwao. Watu wengi walilala nje kwa makundi wakiota moto hadi alfajiri. Masimulizi yalikuwapo, hadhira ilikuwapo, usiku ulikuwapo. Kilichokosekana ni fanani wa kusema kwamba hadithi imekwisha. Hofu isiyo na mtambaji haina fomula ya kufungia.

Rusumo inahusu jambo zito kuliko hilo, na halipaswi kupambwa. Hapo ndipo Mto Kagera unapoporomoka kati ya Tanzania na Rwanda, na hapo pana daraja. Kati ya tarehe 28 na 29 Aprili 1994, kwa makadirio ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, watu wapatao 250,000 walivuka daraja hilo kuingia Ngara kwa muda wa takriban saa 24. Kambi ya Benaco ikawa ghafla mji mkubwa. Mto wenyewe ulikuwa ukipitisha miili ya waliouawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, ikateremka hadi Ziwa Viktoria, ambako wakazi wa fuo za Uganda waliizika kwa maelfu. Mwezi Desemba 1996, kufuatia uamuzi wa Serikali ya Tanzania na shirika hilo kwamba wakimbizi wa Rwanda warejee kwao kabla ya mwisho wa mwaka, barabara ile ile ilijaa tena, safari hii kuelekea upande wa pili. Redio Kwizera, iliyoanzishwa Ngara mwaka 1995 na shirika la Wajesuiti la kuhudumia wakimbizi, ilipewa jina lenye maana ya tumaini. Waliochagua jina hilo walielewa kwamba katika mazingira yale sauti inayosikika gizani lazima ijulishe kwanza kwamba haiji kutisha.

Basi, iwapo mwalimu wa sekondari ya Ngara, au kikundi cha vijana cha sanaa, kitataka kuendesha mchezo-simulizi wa kutisha karibu na daraja hilo, wafanye nini? Majibu mawili hujitokeza kwa urahisi, na yote mawili yana kasoro.

Jibu la kwanza husema kwamba mahali hapo panajitosha: pana mto, pana ukungu wa maporomoko, pana historia, mtambaji avitumie vyote ili wachezaji wazame. Wanaotetea jibu hili wanaweza kutaja mradi wa mwaka 1998 uliowakutanisha waandishi wa Kiafrika nchini Rwanda ili waandike kwa wajibu wa kumbukumbu, mradi uliozaa riwaya ya Boubacar Boris Diop iitwayo Murambi (2000). Ikiwa riwaya imeruhusiwa, kwa nini mchezo uzuiwe? Sababu ni kwamba riwaya ile ni ushuhuda, na ushuhuda humtaka msomaji asikilize. Mchezo humtaka ashiriki: avae nafsi, achague, achomoe kipande. Kumpa kijana nafsi ya mkimbizi wa mwaka 1994 ili apate msisimko wa kuokoka, au mbaya zaidi nafsi ya muuaji, ni kuyachukua mauti ya watu wenye majina na kuyageuza kuwa dadu. Aidha, mezani hapo huenda ameketi mjukuu wa aliyevuka. Zimwi la kwake halihitaji kujazwa na mawazo. Ana jamaa wanaolikumbuka. Kwake yeye mtambaji hajaunda hofu yoyote. Ameikopa bila ruhusa, na hana uwezo wa kuifunga.

Jibu la pili husema kwamba, kwa kuwa mahali hapo pamejeruhiwa, hadithi za kutisha ziachwe kabisa. Jibu hili lina huruma, lakini linasahau kazi ya ngano. Jamii hazikuwatambia watoto habari za zimwi kwa sababu maisha yalikuwa salama. Ziliwatambia kwa sababu hayakuwa salama. Ngano ilimpa mtoto zoezi la kuogopa mahali ambapo bibi yupo, ndugu wapo, na hadithi itakwisha. Anayejua kwa mazoea kwamba hofu ina mlango ana nafasi ya kuutafuta mlango huo siku ambayo hakuna mtambaji. Kumnyima kijana wa Rusumo zoezi hilo, kwa hoja kwamba wazee wake waliogopa kupita kiasi, ni kumwachia hofu ya aina moja tu, ile isiyo na mwenyewe.

5.0 Masharti ya Mtambaji

Msimamo unaofaa ni wa kati, nao unadai nidhamu. Kwanza, mtambaji atafute umbali. Zimwi, msitu usio na jina na nyumba ya kale vinatosha, mto usiguswe. Umbali huo hauipunguzii hadithi makali, kwani imekwisha kuonyeshwa kwamba hofu hutokana na ushiriki na uchache wa maelezo, wala haitokani na ukaribu wa tukio la kweli. Mtambaji anayehitaji miili ya mwaka 1994 ili atishe amekiri kwamba hana ufundi.

Pili, yasiyoguswa yatajwe kabla ya kuanza, na njia ya kusimamisha iwepo wakati wote. Katika michezo-simulizi ya Marekani imeenea desturi ya kuweka mezani kadi yenye alama ya msalaba, iliyobuniwa na John Stavropoulos: mchezaji yeyote akiigusa, jambo lililokuwa likisimuliwa huachwa papo hapo bila yeye kudaiwa maelezo. Wapo watakaoiona kuwa ni deko. Lakini kadi hiyo si chochote ila ni kiitikio kilichogeuzwa kuwa kitu cha kushikika. Hadhira ya ngano ilikuwa na uwezo huo tangu zamani: ikinyamaza, mtambaji amekwama. Kinachohitajika ni kuurudisha uwezo huo kwa makusudi miongoni mwa wachezaji ambao hawakulelewa katika utambaji.

Tatu, hadithi ifungwe kwa sauti. Katika Mashetani, Kitaru anataabika kwa sababu mchezo ulikoma bila kufungwa. Hakuna aliyemvua Binadamu aliyemvaa. Fomula ya kumalizia ngano, ambayo wakusanyaji wengi huiacha kwa kudhani ni pambo, ndiyo kitasa cha mlango. Mchezo-simulizi nao uwe na yake: kila mchezaji ataje jina lake halisi, taa ziwashwe, watu wale kitu pamoja.

Nne, lugha iteuliwe kwa kujua athari zake. Katika Ngara, Kihangaza na Kishubi ndizo lugha za nyumbani, na Kihangaza kiko karibu mno na Kirundi na Kinyarwanda. Hofu inayotamkwa kwa lugha ya mama hupenya hadi ndani. Kiswahili, ambacho kwa wengi wa huko ni lugha ya shule, soko na ofisi za mpakani, huleta umbali kidogo, na umbali huo unaweza kuwa wa manufaa. Fauka ya hayo, Rwanda iliifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017, na daraja jipya pamoja na kituo cha pamoja cha mpakani vilizinduliwa na marais wa nchi zote mbili mwaka 2016. Meza moja inayoweza kuketisha vijana wa ng'ambo zote mbili, wakaogopa kitu ambacho hakikutoka upande wowote kati ya hizo mbili, si jambo dogo.

6.0 Hitimisho

Idara za Kiswahili zimehifadhi maelfu ya ngano, lakini nyingi zimehifadhiwa kama visa: zimwi lilikuja, likala, likauawa. Kimya kilichotangulia wimbo wa tatu, mtoto aliyesogea karibu na mwenzake, sauti ya mtambaji iliyoshuka badala ya kupanda, vyote vimeachwa nje ya maandishi. Wakati huo huo, watu wa mbali wanaketi mezani na kuuvumbua upya ufundi huo kidogo kidogo, wakiwa wameshika mnara wenye jina la Kiswahili. Wanafunzi wa uzamili wanaotafuta mada hawana haja ya kwenda mbali. Warekodi matukio na si visa tu, wapime mahali ambapo hadhira iliitikia na mahali ilipokataa, waandae istilahi, wachunguze fomula za kufungia kwa bidii ile ile ambayo wenzao wameichunguza mianzo. Wakifika Rusumo, watamkuta mtu wa makamo aliyekuwa mtoto mwaka 1994, ambaye usiku huwatambia wanawe habari za zimwi na kamwe hawatambii habari za mto. Wamuulize mpaka huo ameuwekaje. Jibu lake litakuwa nadharia, hata asipoliita hivyo.